Gari Jekundu la Kosele

Lilikuwa gari dogo, jekundu, milango miwili ubavuni na mmoja nyuma, na mpaka leo nikiona mwenzake barabarani nakunja uso kabla sijakumbuka kwa nini. Watoto wangu wameshanizoea. Husema mama ameona adui wake. Mimi nanyamaza, maana gari lenyewe halikunikosea kitu.

Aliyeniletea habari zake alikuwa jirani yangu, muuza vipuri wa hapa Suna. Alikuwa mtu wa pwani aliyeingia Migori na begi moja la nguo na katoni mbili za plagi, akafungua duka karibu na msikiti, akakaa. Mtaani walimwita Mswahili, basi, kana kwamba mama yake alisahau kumpa jina. Alijua kila gari lililokuwa likiuzwa kutoka Isebania hadi Kendu Bay, kwa sababu linalonunuliwa leo litataka kipuri kesho. Siku moja nikitoka kufundisha aliniita dukani, akaniambia kwamba Kosele kuna kigari kinauzwa, mwenyewe amefariki, na ndugu zake wameshusha bei kama watu wanaohama.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa natafuta gari kwa hasira. Wengine hutafuta gari kwa raha, au kwa kujionyesha, au kwa sababu miguu imechoka. Mimi nilitafuta gari kama mtu anayetafuta fimbo.

Mume wangu alikuwa na pikapu. Niliiosha kila Jumamosi kwa miaka tisa, nikajua kila mkwaruzo wake, na sikuwahi kushika usukani wake hata ndani ya ua, maana alisema klachi yake ni nzito kwa mwanamke. Alipofariki, shemeji yangu mkubwa aliniomba ufunguo na kitabu cha gari, kile chenye jina la mwenye gari, akisema polisi watavitaka njiani tukisafirisha mwili. Nikampa. Tukasafiri, tukazika, na asubuhi ya tatu nilipotoka nje kuchota maji pikapu haikuwapo. Nilipouliza, shemeji akanijibu, "Hiyo gari ni ya boma," yaani ya ukoo mzima. Wazee waliokuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi wakaitikia kwa vichwa.

Sikupiga kelele siku ile. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa na kitambaa cheusi kichwani, watoto wawili wamenishika nguo, na mbele yangu wanaume kumi na mmoja, nikasema sawa. Tukarudi Suna kwa basi. Neno hilo sawa lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki kwa miaka minne, na hakuna tonge la ugali lililoweza kulisukuma.

Basi nikajifunza kuendesha. Nilijifunzia uwanja wa shule wakati wa likizo, na watu walikuja kutazama kama wanaokuja kwenye mechi. Kisha nikaomba mkopo kwenye ushirika wa walimu. Mwalimu mkuu aliyetakiwa kutia sahihi aliniuliza kama nimeshauriana na mtu yeyote nyumbani. Nikamwambia nimeshauriana na hati yangu ya mshahara, na imekubali.

Tulifika Kosele Jumamosi asubuhi, mimi na Mswahili, yeye amebeba kibegi chake cha spana. Boma halikuwa mbali na soko, limezungushiwa ua wa minyaa. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba ndogo ya bati, saruji yake bado mbichi machoni. Ng'ambo ya uwanja, mbele ya nyumba kubwa zaidi, ndipo gari lilipoegeshwa, jekundu kama pilipili iliyoiva, na kando yake alisimama mwanamume mnene aliyevaa koti la suti juu ya kaptula. Koti lilimbana mabegani. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa marehemu.

Alimpokea Mswahili kwa mikono miwili. Akamwita mzee, akamweleza habari zote za gari, jinsi linavyonusa mafuta tu badala ya kuyanywa, jinsi marehemu alivyolitunza kama yai. Kwangu hakugeuka. Alipomaliza alimuuliza Mswahili kama mama amechoka na safari, atafutiwe kiti. Mama mwenyewe nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nina masikio yangu yote mawili.

Mswahili alimsikiliza kwa adabu zake za pwani mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maelezo mazuri, bwana. Sasa yarudie kwa mwenye kununua, ndiye huyo hapo."

Yule bwana alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hatucheki akaanza kulipangusa gari vumbi kwa mkono wa lile koti.

Mswahili akafungua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akakinusa, akakirudisha. Alilala chali chini ya gari akabaki miguu tu nje. Alipotoka alikuwa ameshika bua kavu la mtama na manyasi yenye mbegu, mengi, yaliyokuwa yamesokotana kwenye ekseli. Mbele, katikati ya matundu ya radieta, kulikuwa na kitawi kilichokauka. Alijaribu honi ikawa bubu. Mwisho akafunga boneti, akapitisha kiganja juu yake polepole, na mimi nikaona alichokuwa akikigusa: mibonyeo myembamba, mirefu, imepishana.

"Honi mtu kaibana mpaka imekata roho," alisema. "Na hili gari limepigwa bakora, mwalimu. Miaka thelathini nashika magari, sijaona. Nani anapiga gari bakora?"

Mimi nilijua. Kwetu Waluo, mtu mzima wa kiume akizikwa, wanaume na vijana hutoka na ng'ombe, ngoma, matawi na fimbo, wakakimbia hadi mpakani kukipiga kifo na kukirudisha kilikotoka. Tunaita tero buru. Ng'ombe hupigwa wakimbie, kelele hupigwa, na kifo kikisikia vishindo hivyo kinakumbuka kwamba kina shughuli mahali pengine. Marehemu huyu, nilivyokuja kuambiwa, alikuwa afisa wa kilimo. Maisha yake yote alizunguka akifundisha watu kufuga ng'ombe wa maziwa, na yeye mwenyewe hakuacha hata ndama.

"Mlienda nayo tero buru?" nikamuuliza yule bwana.

"Tungeenda na nini, mwalimu?" alijibu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami. "Jamaa hakuwa na ng'ombe hata moja. Lakini hiyo gari ilikimbia, haikutuaibisha."

Mungu anisamehe, nilicheka. Niliwaona waziwazi, kundi zima shambani, kigari kimefungwa matawi kinaruka matuta ya mtama kwa gia ya kwanza, honi inalia, na vijana wawili wanakichapa mgongoni kisilegee. Mswahili alipoeleweshwa alishika ndevu zake akasema nchi hii kweli imekutanisha watu. Kisha akachukua ufunguo kutoka kwa yule bwana na kuniwekea mkononi.

Niliendesha kuelekea upande wa Kendu Bay, kaka wa marehemu kiti cha mbele, magoti yamegusa dashibodi, Mswahili nyuma akiwa ameinamisha kichwa akisikiliza injini. Barabara ilikuwa imechubuka lami kila mahali. Kigari kilipita mashimo kwa kuguna, lakini kilipita. Kwenye kilima niliteremsha gia, nikakanyaga klachi, nikaiachia, nikakanyaga tena bila sababu yoyote, kwa kuisikia tu. Haikuwa nzito. Ndipo nikawaza kwamba ya pikapu pia haikuwa nzito, haikuwahi kuwa nzito hata siku moja, na nikakanyaga mafuta mpaka yule bwana akashika mlango.

Tuliporudi nilikuwa nimekwisha. Nililitaka lile gari na mibonyeo yake na manyasi yake. Niliwaona watoto wangu wamekaa nyuma. Nilijiona nikipita polepole mbele ya nyumba ya shemeji yangu, kioo kimeteremshwa. Mswahili alinivuta kando akaniambia injini haina neno, shoki za mbele zimekufa, honi atanipa yeye bure kwa ajili ya ujirani, na kwa bei ile nikilikosa nisije dukani kwake kulia.

Kilichobaki ni kitabu cha gari. Yule bwana alisema kiko Homa Bay, ofisini alikokuwa akifanya kazi ndugu yake, kitatoka tu, na kwa sasa barua ya chifu mdogo itatosha. Mswahili akamwambia gari bila kitabu ni bati. Wakaanza kuvutana, na hapo yule bwana akanikumbuka. Alisema mama aende kwa kina mama anywe chai, wanaume waongee. Miguu yangu ilikataa. Lakini nilikuwa nimeona pazia la nyumba ndogo, ile iliyo karibu na kaburi, likifunguka na kufungika mara mbili, na nikataka kujua nani analifungua.

Alikuwa mjane wa marehemu. Mwanamke mdogo kuliko mimi, labda miaka thelathini, mwembamba, kitambaa kimeshuka hadi nyusi. Pale bomani walimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa kuwa kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa alikotoka, asije akasahau kwamba hapo si kwao. Alikuwa bado ndani ya mila. Mjane haruhusiwi kuingia nyumba ya mtu mwingine mpaka mambo ya nyumbani yaishe, na mambo ya nyumbani huisha mwanamume wa ukoo huo anapomrithi. Aliyeteuliwa kumrithi, aliniambia huku akimimina chai, ni yule wa nje, mwenye koti. Koti pia lilikuwa la mume wake.

Aliniuliza kama ni mimi ninayenunua gari. Nikamwambia nafikiria. Akaniuliza wamesema kitabu kiko wapi. Nilipomwambia Homa Bay, alitabasamu kidogo, akaenda kurudisha mlango. Kisha akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda kikapu kipana alimokuwa amelala kuku wa madoadoa akiatamia mayai. Alimwinua kuku kwa mkono mmoja, kuku akamdonoa, naye hakujali. Chini ya mayai na majani makavu kulikuwa na karatasi ya nailoni, na ndani yake kitabu cha gari.

"Soma jina," alisema.

Nilisoma. Lilikuwa jina lake, majina yake matatu yote, yamepigwa chapa vizuri bila kosa.

"Aliandikisha jina yangu siku aliinunua," alisema. "Mimi nilimwambia aandike yake. Akasema, hapana, hawa ndugu zangu nawajua."

Nilikaa na kile kitabu mapajani na sikuweza kumrudishia mara moja. Ningependa kuandika kwamba nilimfurahia. Sikumfurahia. Nilimwonea wivu mwanamke mfiwa, ndani ya nyumba ya kilio, mbele ya kuku. Kulikuwa na mwanamume hapa duniani, afisa wa kilimo asiye na ndama, aliyekaa akawaza siku ambayo hatakuwapo na akaandika jina la mke wake. Wangu alikuwa nao ndugu wale wale. Aliwajua. Aliwacheka jioni tukiwa wawili, akisema huyu ni mchoyo na yule ni mwizi. Na bado aliacha kila kitu wazi kama mlango wa zizi. Miaka minne nilikuwa nimemkasirikia shemeji, na siku hiyo pale Kosele ndipo nilipojua kwamba niliyemkasirikia hasa nilikuwa nimemzika.

Nyar Karungu hakuwa na muda wa mambo yangu. Alikuwa amepanga kila kitu. Jumatano atakuwa Homa Bay kwa karatasi za kazi za mume wake, safari ambayo hawawezi kumkatalia kwa sababu ofisi imeandika barua ikimtaka yeye mwenyewe. Kitabu atakuja nacho ndani ya nguo. Tukutane langoni, tutie sahihi, nimpe pesa mkononi mwake. Gari nitakuja kulichukua na askari, na yeye hatarudi Kosele. Watoto wako kwa mama yake tangu mazishi. Kwao Karungu kulikuwa na mtu anayeuza nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, na taa zake. Alikuwa ameshamtumia salamu kwamba atazinunua.

"Nikifika mavuno niko hapa, nitakuwa bibi ya huyo," alisema. "Kwa hivyo wewe sema tu utafikiria. Usiseme kitu ingine, dada yangu."

Nikamwambia nimeelewa. Alimrudisha kuku juu ya mayai, akamtengenezea majani pembeni, na kuku akatulia.

Nilitoka nje. Wanaume walikuwa wamekubaliana bei, tena imeshuka zaidi. Nilisema nitafikiria, nitaleta jibu wiki ijayo. Nilisema vizuri, kwa sauti ya mwanamke aliyekunywa chai. Mswahili alinitazama kwa mshangao kwa kuwa alijua nilivyolitaka lile gari, lakini hakunipinga mbele ya mwuzaji. Tukaanza kuondoka.

Ingeishia hapo. Lakini mgeni husindikizwa, na yule bwana akatusindikiza. Alikuwa amechangamka, mikono mifukoni mwa koti la ndugu yake. Alidhani kilichonirudisha nyuma ni huruma ya kike, kwamba nimemwona mjane na moyo umelegea. Tukiwa karibu na lango aliamua kunitoa wasiwasi. Alisema nisijali mambo ya yule mwanamke, atatunzwa, mwanamke huja na huenda.

"Na hiyo gari ni ya boma," akasema.

Maneno yale yale. Hata sauti ilikuwa ile ile, ya upole, ya mtu anayemfundisha mtoto. Na mimi sikuwa tena na kitambaa cheusi kichwani, sikuwa na watoto waliong'ang'ania nguo zangu, na mwiba wa miaka minne ulitoka mara moja.

Nilimwita mwizi. Nilimwambia anavaa koti la maiti na anataka kulala kwenye kitanda cha maiti, na kama kifo kilikimbizwa kweli siku ile basi kilikimbilia nyumbani kwake. Nilimwambia mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Wanawake walitoka jikoni kusikiliza. Na nikiwa katika utamu wa kusema, maana kulikuwa na utamu, siwezi kusema uongo, nilisema, "Hii gari si ya boma na haikuwa ya ndugu yako. Ni ya mke wake. Jina lake liko kwa kitabu, nimelisoma na macho yangu."

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Aliacha kutabasamu, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza injini, na akaniuliza polepole:

"Umesomea wapi?"

Nikafunga mdomo. Ulikuwa umebaki wazi muda wote uliotosha. Yeye hakungoja jibu. Aligeuka akaitazama ile nyumba ndogo ya bati, na pazia lake halikutikisika.

Mswahili alinishika kiwiko akanitoa langoni. Barabarani nilimweleza yote, kuku, kitabu, Jumatano. Alisimama. Nilikuwa sijawahi kumwona amekasirika. Alikuwa mtu wa kutania hata wadeni wake.

"Ulimi huponza kichwa, mwalimu," alisema. "Wako leo umeponza kichwa cha mwenzio."

Nilisema nirudi. Alisema nikirudi sasa nitaongeza, tumwache yule bwana apoe, huenda akaogopa sheria. Nilimsikiliza kwa sababu nilitaka kumsikiliza. Njia nzima hadi Migori aliniambia hasira hasara, hasira hasara, kana kwamba ndiye aliyeitunga, na mimi nilimkasirikia hata yeye, na dereva, na watu waliokuwa wakiuza ndizi dirishani.

Jumatano nilikuwa Homa Bay kabla ofisi hazijafunguliwa. Nilisimama langoni na pesa za ushirika ndani ya mkoba. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri, sijui kwa nini. Watu waliingia na mafaili wakatoka na mafaili. Kila mwanamke mwembamba mwenye kitambaa aliyetokea kona ya soko nilimtazama mpaka akapita. Saa saba askari wa lango alinionea huruma akaniletea kiti, nikakikataa. Saa tisa nikaondoka.

Pale stendi kulikuwa na gari la kwenda Kosele na gari la kwenda Migori, yamekaa bega kwa bega, makondakta wote wawili wananiita mama. Ningeweza kupanda la Kosele. Ningeweza kwenda kwa chifu wao, au kituo cha polisi, niseme nilichokiona kwenye kile kitabu. Mdomo ule uliojua kusema Jumamosi nilikuwa bado nao. Nikapanda la Migori.

Mkopo niliurudisha. Mswahili aliniletea habari za magari mengine mawili matatu, nikayakatalia rangi, kisha akaacha kuniletea. Nilisikia kutoka kwake kwamba lile jekundu liliuzwa kwa mtu wa Oyugis, na kwamba lilikuwa na kitabu.

Nyar Karungu nilimwona tena baada ya mwaka na zaidi, soko la Migori, upande wa samaki wakavu. Alikuwa ameketi kwenye kigunia, mbele yake lundo la omena, na gorogoro, lile bati la kupimia, limepinduliwa juu ya lundo. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza. Nilipoinama kutazama omena alisema, "Mwalimu wa gari," bila chuki, kama anavyotaja mteja.

Nikachuchumaa. Aliniambia bila kuulizwa, huku akifukuza nzi. Jioni ile ile walikuja watatu. Walipindua kitanda, wakapindua masanduku, na yule kuku alipoanza kupiga kelele mmoja akakipiga kikapu teke. Mayai yote yalivunjika. Yalikuwa yamebakiza siku tatu. Kitabu walikiokota kimelowa, wakakikausha jikoni, na kesho yake wakampeleka kwa chifu kutia sahihi. Homa Bay hakupelekwa. Mavuno yalipofika alikuwa bado pale, na mambo ya nyumbani yakaisha kama yanavyoishaga. Alikaa miezi saba, ndipo akaondoka siku ya soko na kikapu mkononi, kama mtu anayekwenda kuuza kuku. Nyavu zile za Karungu zilikuwa zimeshanunuliwa na mtu mwingine. Omena hii si yake, anauzia watu.

Basi mimi, na huu ndio ujinga wa mwisho ninaouandika, nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari za pikapu, shemeji yangu, viti vya kukodi, kitambaa cheusi, na yale maneno. Nilitaka ajue kwamba sikuropoka tu, kwamba nilikuwa na sababu, tena sababu nzito. Nililia kidogo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, hakunikatiza hata mara moja.

"Hasira ilikuwa yako, mwalimu," alisema. "Gari ilikuwa yangu."

Nikaomba anipimie gorogoro moja. Aliijaza. Wauzaji wote wa omena pale sokoni wana desturi, wakishajaza bati hurundika juu mpaka zimwagike, kisha huongeza konzi moja kwa ajili ya udugu, na usipoongezewa unadai. Nyar Karungu alipitisha kiganja juu ya bati, akasawazisha usawa wa ukingo, akanimiminia kwenye mkoba. Nililipa, na sikudai.